Andika Kwanza, Chora Baadaye: majibu ya maswali yenu ya kava

Haya, maswali yamejaa tena na mengi ni yale yale. Nimechagua machache. Yale ya "nianzie wapi" nimeyaruka, nishayajibu mara nyingi mno, anzia kwa penseli na karatasi uliyo nayo.

Niko Kisauni, nimepata mtu wangu wa kwanza anataka nimchoree kava ya riwaya ya fantasia. Nimwambie bei gani?

Hili swali laja kila wiki na kila wiki laja nusu. Bei ya nini? Hujanambia ni kava ya mbele tu ama inazunguka mpaka nyuma, hujanambia picha ina watu wangapi ndani, na kubwa kuliko yote hujanambia huyo mtu anataka kuitumia wapi na kwa muda gani. Wewe huuzi picha, wauza ruhusa ya kuitumia. Kava ya kitabu cha karatasi, Kenya peke yake, miaka 5, hiyo ni bei moja. Kava hiyo hiyo dunia nzima, lugha zote, na fulana na kalenda na gemu juu yake, hiyo ni bei nyengine kabisa na haifai hata kukaa karibu na ile ya kwanza.

Na mlioko Kenya sikizeni vizuri manake hapa ndipo wengi wanapochinjwa. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 inasema kazi uliyoagizwa na mtu, hata kama hakukuajiri, hakimiliki yake inahesabika imehamia kwa yule aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vyengine. Soma tena. Ukinyamaza, ni yake. Watu wengi wanadhani "mimi ndo niliyechora kwa hivyo ni yangu" na wanalala usingizi, kumbe ile sentensi moja ambayo hawakuiandika ndo iliyowatoa nyumbani kwao.

Yalinipata mimi. Miaka yangu ya mwanzo nilichora kava ya hadithi ya kisayansi, mwanamke amesimama kwenye mlango wa chuma, chemli mkononi, nyuma yake mji umezama mpaka madirisha ya ghorofa ya pili. Wiki 3 nilikaa nayo, ule mwanga wa chemli ukigusa maji niliufuta nikaurudia, nikaufuta nikaurudia, mpaka siku nilipowasha taa ya kweli juu ya beseni usiku stima imepotea ndo nikaona kwamba kwenye maji mwanga hausambai, unashuka chini kama utepe uliokatikakatika. Makubaliano yetu yalikuwa simu moja na ujumbe wa mistari miwili. Nikalipwa, nikafurahi. Mwaka uliofuata binamu yangu akanitumia picha ya fulana, yule mwanamke wangu kifuani, chemli wameikata. Kisha zikaja daftari za shule. Kisha bango. Nilipopiga simu niliambiwa kwa adabu kabisa kwamba picha si yangu, na sikuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha.

Kwa hivyo mimi sasa hufanya hivi: arubuni nusu kabla sijafungua faili, robo skechi ikikubaliwa, robo kabla faili kubwa ya kuchapia haijatoka mkononi mwangu. Marekebisho mara 2, ya tatu yanalipiwa. Mtu akighairi katikati arubuni hairudi. Kiasi chenyewe kipime kwa ruhusa unayotoa na siku utakazokaa, na usinitumie picha ya kava ukaniuliza "hii ni ngapi" manake sitajibu.

Mchapishaji wa Marekani amenitumia mkataba una maneno "work made for hire". Nitie saini?

Usitie leo. Kwa sheria yao mambo ni kinyume na kwetu: mchoraji wa kujitegemea ndiye mwenye hakimiliki tangu mwanzo na haihami mpaka yeye mwenyewe atie saini kwenye maandishi. Ndo maana wameyaandika hayo maneno. Maana yake si kwamba unawauzia picha, maana yake sheria itawahesabu wao kuwa ndio waliochora, wewe hukuwahi kuwepo. Waandikie kwa upole uwaulize kama watakubali leseni ya kuwa wao peke yao wanaoitumia kwa kava ya kitabu hicho, na miaka ikishapita haki ikurudie. Wahariri wa vitabu wamezoea kuulizwa hivyo, hawatakuona mkorofi. Kampuni za gemu ni ngumu zaidi, wengi wao hawabadilishi hata nukta, na hapo uamuzi ni wako ila bei iwe ya mtu anayeuza nyumba si anayepangisha chumba, na uombe ruhusa ya maandishi ya kuionyesha kazi kwenye potfolio yako, ule mkusanyo wa kazi unaowaonyesha wateja.

Na ukichora kwa mkono, rangi na turubai, andika pia kwamba picha yenyewe inarudi kwako, manake hiyo ni mali nyengine mbali na hakimiliki. Frank Frazetta, mchoraji wa kava wa Marekani, alipigania hili, abaki na picha zake. Moja aliyoichora kwa kava ya gazeti la hadithi za kutisha la 1969 iliuzwa mnadani 2019 kwa dola milioni 5.4. Fikiria kama ingekuwa imeachwa kwenye stoo ya mchapishaji.

Wakikutumia fomu ya W-8BEN usiogope, ni ya kuonyesha kwamba wewe kikodi si mtu wa Marekani. Jaza kwa jina lile lile lililo kwenye kitambulisho. Na KRA, watoza kodi wetu wa Kenya, usiwasahau.

Tabuleti gani nzuri ya kuanzia?

Ile ambayo pesa yake unayo, na programu ya Krita ni bure.

Kava yangu kwenye skrini inang'aa vizuri, ilipotoka kwa mashine ya kuchapa imekuwa giza na ile buluu ya chombo cha anga imekufa. Kosa ni lao?

Kosa ni lako, pole. Skrini inatoa mwanga, karatasi haitoi, inarudisha tu ule wa chumbani. Na wino wa rangi nne hauwezi kushika ile buluu ya umeme na kijani cha kung'aa ambazo nyote mwazipenda kwa vyombo vya anga na uchawi. Punguza mwangaza wa skrini mpaka ulingane na karatasi nyeupe uliyoiweka kando yake, geuza picha iwe ya CMYK, yaani zile rangi nne za wino, mapema ujionee itakachopoteza, na omba nakala moja ya kujaribia kabla hawajachapa yote. Kama wataka kitu kionekane kinawaka kwenye karatasi, giza la pembeni yake ndo linalofanya kazi hiyo, si rangi yenyewe.

Na vipimo jamani. Nukta 300 kwa inchi kwa ukubwa ule ule itakaochapwa, nyongeza ya mm 3 kila upande ya kukatwa, na uti wa kitabu usiubahatishe. Amazon kwa mfano wanahesabu inchi 0.0025 kwa kila ukurasa wa karatasi ya krimu, kitabu cha kurasa 320 uti wake ni inchi 0.8, basi usimchore shujaa wako uso wake ukae pale pale kwenye kona inapokunjwa.

Kisha ipunguze picha iwe kama ukucha wa kidole gumba. Hivyo ndivyo mnunuzi atakavyoiona mara ya kwanza kwenye simu. Kama sioni ni nani na kuna hatari gani, rudi kwenye skechi. Na acha nafasi ya jina la kitabu, nimeona vijana wanajaza anga yote na ndege na miezi mitatu, halafu jina linakuja kuwekwa juu ya kichwa cha mtu.

Kazi zangu zinafanana na za kila mtu, majoka, ngome, misitu ya theluji. Nifanyeje?

Wewe wakaa wapi? Umeandika Majengo. Theluji umeishika lini?

Nenda Fort Jesus, ile ngome ya Mombasa, asubuhi na daftari. Wareno walianza kuijenga 1593 na ndani kuna ukuta mabaharia wao walichora meli, rangi nyekundu na nyeusi, watu waliochoka wakichora kile walichokijua kwa mikono yao. Uziangalie zile kamba za milingoti, hakuna iliyowekwa kwa urembo. Kisha ukasome juu ya mtepe. Mtepe ni chombo cha watu wa Lamu na visiwa vyake, mbao zake hazikupigwa msumari hata mmoja, zilishonwa kwa kamba za makumbi, tanga lake lilikuwa mkeka wa mraba, na mbele shingo yake imeinuka kama ya ngamia. Sasa nambie, chombo cha anga kilichoshonwa, mishono inaonekana inavutika kikipita karibu na jua, kuna mtu ashakichora hicho hapo kwenye ukurasa wako wa Pinterest, ule mtandao wa picha mnakotoa mifano? Chukua milango ya Mji wa Kale, chukua magofu ya Gede mizizi imekumbatia kuta, chukua feri ya Likoni saa kumi na mbili jioni watu wote wamegeukia upande mmoja. Ukitaka mchawi, mfunge leso mbili na umwache na uso wa mtu unayemjua.

Na kuna sababu nyengine. Picha uliyopiga wewe kwa simu yako Mji wa Kale ni mali yako. Ile uliyoitoa Pinterest ina mwenyewe, na mkataba mzuri utakufanya utie saini kwamba kazi ni yako asilia. Mwenye picha akijitokeza, wa kudaiwa ni wewe, mchapishaji ataonyesha saini yako tu.

Klaienti ametengeneza picha kwa akili unde (AI), anataka "niitengeneze mikono tu" kwa bei ndogo. Nikubali?

Mimi sikubali na sitakubali. Utatengeneza mikono, kisha macho, kisha mwanga usiokuwa na chanzo, mwisho wake umechora kava nzima kwa bei ya mikono. Halafu mwambie klaienti jambo ambalo pengine hajui: Marekani, mahakama ya rufaa ya Washington ilisema Machi 2025 kwamba kazi iliyotungwa na mashine bila mtu kuwa mtungaji haipati hakimiliki. Kwa hivyo kava yake mtu mwengine akiichukua akaiweka kwenye kitabu chake, atamshtaki kwa kitu gani?

Mwanangu yuko kidato cha nne, anashinda akichora majini na roboti. Babake asema dini hairuhusu, anataka kuzichana. Nimwambie nini?

Mamangu, mwambie baba watoto asizichane, aziweke kwenye bahasha na aandike tarehe. Mtoto akizitazama mwaka ujao atajiona alipotoka, hakuna mwalimu anayeweza kumfunza hilo. Mtihani wake afanye, hesabu na Kiingereza atavihitaji kuliko anavyodhani, manake mikataba yote atakayoletewa imejaa vyote viwili. La dini muulizeni shehe wenu, mimi sina elimu hiyo na sitajifanya ninayo. Lakini nakuomba kwa heshima, akianza kulipwa usimwache aende peke yake, kaa naye musome karatasi pamoja, watoto wa miaka 18 ndo wanaotia saini mikataba mibaya kuliko wote.

Lazima nisome kitabu kizima?

Ukipewa, soma. Shujaa wa mkono mmoja usije ukamchorea miwili.

Nishachora, nishatuma faili, sasa wiki ya 6 mtu hashiki simu. Nifanyeje?

Faili kubwa, kabla ya kulipwa. Nimelisema hili mpaka koo limekauka na bado naletewa.

Basi. Mtumie ankara yenye tarehe na siku ya mwisho ya kulipa, kwa imeli, si simu. Kusanya ujumbe wote wa WhatsApp usifute hata mmoja, hata ule aliosema "kazi safi sana". Hasira usiweke mtandaoni, itakugharimu kuliko deni. Siku ikipita, mpelekee barua ya madai, na deni likiwa dogo kuna mahakama za madai madogo, huhitaji wakili kuingia.

Na kazi ijayo mtumie picha ndogo tu yenye jina lako katikati mpaka pesa iingie, na kabla hujachora chochote muandikiane hivi, atie saini nawe utie: "Hakimiliki ya picha hii inabaki kwa mchoraji. Mwagizaji anapewa ruhusa ya kuitumia kama kava ya kitabu hiki peke yake, kwa nchi na miaka iliyotajwa hapa chini. Ruhusa hii inaanza siku malipo ya mwisho yameingia."