Run si kukimbia tu: jinsi ya kujifunza maneno madogo ya Kiingereza

Kama unajifunza Kiingereza ukiwa mtu mzima, nakuomba jambo moja kabla ya yote: acha kukariri maneno yakiwa peke yake. Najua ndivyo tulivyofundishwa. Mwalimu anapiga mstari katikati ya ubao, kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili, run ni kukimbia, na jaribio la Ijumaa linauliza hivyohivyo. Kwa maneno kama spoon na goat, njia hiyo haina ubaya. Kwa maneno madogo yanayotumika kutwa nzima, yaani run, get, set, take na put, inakuacha njiani.

Nafundisha Kiingereza jioni hapa Arusha. Wanafunzi wangu wengi ni watu wa kazi: madereva wa utalii, wahudumu wa hoteli, madobi, wapishi, na wauguzi wawili watatu wanaojiandaa kwenda kufanya kazi nje. Wengi wamemaliza kidato cha nne, sarufi wanayo, na ukiwapa barua rasmi wanaisoma vizuri. Kinachowasumbua ni sentensi fupi ya mgeni yenye maneno matatu, yote wanayajua, na maana haiji.

Mmoja wao ni dobi wa hoteli. Mgeni alimletea kanga mpya nyekundu pamoja na blauzi nyeupe, akaishika ile kanga akauliza, “Will this run?” Dada akaitazama kanga, akamtazama mgeni, akajibu kwa heshima, “No, madam.” Nguo zikaingia kwenye maji pamoja, na blauzi ikatoka na mabaka ya waridi. Huyu ni mtu ambaye nyumbani kwake kanga mpya haifuliwi na nguo nyingine kabla haijalowekwa kwenye maji ya chumvi. Kazi yake anaijua kuliko mgeni. Angeulizwa “hii inachuja?” angejibu hata swali halijaisha. Darasani alipolileta suala hilo, alikuwa na uchungu nalo, na mimi pia niliumia, kwa sababu shule ilimpa tafsiri moja ya run na kumwambia imetosha.

Haitoshi hata kidogo. Wahariri wa kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford walipolipitia upya neno hili, walipata maana 645 za run kama kitenzi peke yake. Mhariri aliyeishika kazi hiyo, Peter Gilliver, alitumia zaidi ya miezi tisa kwa neno hilo moja. Katika toleo la 1989 neno lililoongoza kwa urefu lilikuwa set, lenye maana zipatazo 430. Usiogope idadi hizo. Hakuna Mwingereza anayezibeba zote kichwani zikiwa orodha. Anazo katika mafungu, na mafungu hayo hata wewe unaweza kuyashika.

Fungu la kwanza ni la maji, na ndilo ninaloanza nalo darasani badala ya miguu. Tangu Kiingereza cha kale neno hili lilihusu vyote viwili, mwenye miguu kukimbia na maji kutiririka. Ndugu yake wa Kijerumani, rinnen, hadi leo ni kutiririka. Ukilishika hilo, mengi yanafunguka. “The tap is running”: bomba linatoa maji. “My nose is running”: kamasi zinanitoka. “The colour runs”: rangi inachuja. “Shall I run you a bath?”: nikujazie maji ya kuoga? Dereva akiulizwa kuhusu mto wa Tarangire, “Does it run all year?”, mgeni anataka kujua kama unakuwa na maji hata kiangazi, na hapo dereva ana hadithi nzima ya kumpa, maana ni kwa sababu ya mto huo tembo wanajaa mle hifadhini wakati kwingine kumekauka.

Fungu la pili ni la mitambo. Uingereza ilipojaa viwanda, injini za mvuke na reli, kila kilichokuwa kinazunguka na kwenda kilipewa run. Jenereta inayotumia dizeli “runs on diesel”. Basi linalofanya safari kila saa “runs every hour”. Programu ya kompyuta nayo hivyohivyo. Kutoka hapo ni hatua moja tu kufika kwa mtu anayefanya kitu kiende: “She runs a shop”, anaendesha duka. Tazama kitenzi chetu kilivyopita njia ileile: tunaendesha gari, tunaendesha duka, tunaendesha kikao, na tumbo likiharibika tunasema linaendesha. Kiingereza nacho kina “the runs”, yaani kuharisha. Wauguzi, hilo lishikeni. Mgonjwa akisema “I've got the runs” hajasema habari ya mazoezi. Na “running a temperature” ni kuwa na homa, wakati “Does diabetes run in your family?” ni kuuliza kama kisukari kipo kwenye ukoo.

Mwanafunzi akianza kulalamika kwamba Kiingereza hakina mantiki, namwandikia piga ubaoni, kisha nawaachia darasa waendelee. Zinamiminika: piga simu, piga pasi, piga deki, piga mswaki, piga picha, piga kura, piga hodi, piga magoti, piga chafya, piga miayo, piga mbizi, piga kambi. Nawauliza ni nani aliwahi kukaa chini akakariri maana za piga. Hakuna. Mtoto wa miaka minne anajua kwamba kupiga pasi hakuna anayeumia, kwa sababu tangu mwanzo alilisikia neno likiwa na mwenzake. Mgeni anayejifunza Kiswahili akifungua kamusi na kukuta piga ni kuchapa, kisha akasikia wananchi wamejitokeza kupiga kura, anapatwa na mshangao uleule uliompata yule dobi.

Kwa hiyo kila unapokutana na run, liandike pamoja na mwenzake, tena ndani ya sentensi nzima uliyoisikia kwa masikio yako. Usiandike “run: kuendesha”. Andika “Who runs this place?” na pembeni yake “Nani anaendesha hapa?” Angalia kwanza nani au nini kinafanya run. Kama ni maji, pua au rangi, uko fungu la kwanza. Kama ni mashine au huduma, uko la pili. Halafu angalia kinachofuata nyuma yake, kwa sababu neno dogo la nyuma ndilo linalogeuza kila kitu. “I ran into Asha” ni nimekutana na Asha bila kutarajia. “He was run over” ni amegongwa na gari. “Let's run through the list” ni tuipitie orodha haraka.

Hapo kwenye maneno ya nyuma nakaa muda mrefu zaidi na “run out”, kwani naona lina faida kubwa kuliko mengine yote kwa mtu wa kazi. Sisi Afrika Mashariki tunasema “The soap is finished”, na baina yetu tunaelewana. Mgeni kutoka Uingereza au Marekani ataelewa pia, ila yeye mwenyewe atasema “We've run out of soap”, na akilisema kwa kasi, wengi wanasikia run na out wakadhani kuna mtu katoka mbio. Bahati nzuri Kiswahili kimetuandalia mlango. Tunayo “sabuni imeisha” na tunayo “tumeishiwa sabuni”. Kiingereza nacho kinazo zote mbili: “The soap has run out” na “We have run out of soap”. Sabuni ikitangulia, hakuna of. Mtu akitangulia, of lazima iwepo. Wanafunzi wangu wakishaiona ishiwa ndani ya “run out of”, hawakosei tena: run out of water, run out of time, run out of money. Tumeishiwa maji, muda umetuishia, nimeishiwa hela.

Kuna mambo mawili ya kuangalia kwa makini. La kwanza, tafsiri ya simu. Ukiiandikia neno moja tupu, itakupa kukimbia. Ipe sentensi nzima, na ikiwezekana ile iliyotangulia pia. La pili, Kiingereza cha nchi moja si cha nyingine. Ukisikiliza habari za uchaguzi, Mmarekani anayegombea “runs for president”, lakini Mwingereza anayegombea ubunge kwa kawaida “stands for Parliament”. Mmoja anakimbia, mwingine anasimama, na wote wanagombea. Mgombea mwenza ni “running mate”, neno linalotoka kwenye mashindano ya farasi.

Huhitaji kuyasema yote unayoyaelewa. Mengi yanatosha kuyatambua ukiyasikia, na hapa ndipo ninapotofautiana na walimu wanaowapa watu orodha ndefu za kukariri kila wiki. Ninaona wanafunzi wakizirundika kwenye daftari na wasiweze kutumia hata moja mbele ya mgeni. Chagua chache zinazogusa kazi yako, uzitumie kila siku hadi ziingie mdomoni. Mhudumu wa mapokezi aanze na “We've run out of…”, “The bus runs every hour” na “Is the hot water running?” Dereva aanze na “We're running late”, ambayo ni tunachelewa, hata kama mmekaa kwenye gari kwenye foleni ya lango la hifadhi. Dobi aanze na “This colour may run. Shall I wash it separately?” Yule dada wa kanga alilinakili hilo kwa herufi kubwa akalibandika ukutani juu ya sinki la kufulia, na wenzake wa zamu ya usiku nao wanalitumia.