Jumuiya Inayosoma Neno na Jumuiya Inayosoma Daftari la Michango

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Morogoro, katibu wa jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo katika parokia yao. Baada ya kunisalimu kwa Tumsifu Yesu Kristo, alieleza kwamba wanajumuiya wake wanakutana kila Jumamosi bila kukosa, lakini Injili inasomwa haraka haraka, hakuna anayesema lolote juu yake, na muda wote unaobaki unaishia kwenye michango. Akauliza afanye nini. Nilimjibu kwa simu siku ileile, ila jibu la simu halikuniridhisha, kwa sababu swali lake nimeishi nalo miaka mingi na majibu yake nimeyalipia. Milele amina, dada. Haya ndiyo niliyotaka kukueleza kwa nafasi.

Nianze na jumuiya yetu ilivyokuwa, maana naamini wengi wenu mtadhani nawasimulia ya kwenu. Tunakutana Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hapa Dar es Salaam, katika nyumba za wanajumuiya kwa zamu. Enzi hizo tulisali rozari, tukaimba, kisha yeyote aliyekumbuka kuja na Biblia akasoma Injili ya kesho yake. Mwenyekiti alikuwa akiuliza, "Kuna mwenye neno?" Watu wanatazama mkeka. "Basi, tumshukuru Mungu kwa Neno lake," anasema, na mhazini anafungua daftari. Hapo ndipo jumuiya ilipoamka. Zaka, mavuno, ujenzi wa nyumba ya mapadre, rambirambi, jubilei ya paroko, harusi ya mtoto wa mwanajumuiya. Anayedaiwa anajitetea, asiyedaiwa anatoa mawaidha, na jua linapanda tukiwa bado tunabishana kama mchango wa mwezi jana ulikuwa elfu mbili au elfu tatu. Watu ambao dakika chache zilizopita hawakuwa na neno hata moja la kusema juu ya Yesu walikuwa na hotuba nzima juu ya shilingi elfu moja.

Sisemi kwamba michango ni mibaya. Ukifiwa katika jiji hili, mbali na ukoo wako, watakaofika kwanza na turubai na masufuria ni jumuiya, na mtu aliyewahi kusaidiwa namna hiyo hawezi kuidharau. Lakini maaskofu wa nchi zetu, wakiwa pamoja katika AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipokubaliana Nairobi mwaka 1973 kwamba maisha ya Kanisa yajengwe katika jumuiya ndogo za kienyeji, na walipolirudia jambo hilo mwaka 1976 na kulifanya kipaumbele cha kichungaji, hawakuwa wakibuni njia mpya ya kukusanya fedha. Walitaka majirani wanaofahamiana kwa majina, wanaosali pamoja, wanaolisikiliza Neno na kuulizana linadai nini katika mtaa wao. Jumuiya isiyolisikiliza Neno inabaki kuwa chama cha kufa na kuzikana chenye jina la mtakatifu.

Nilipochaguliwa kuwa mwalimu wa Neno, yaani anayeongoza usomaji wa Injili katika jumuiya, jambo la kwanza nililoomba lilikuwa kubadili mpangilio: Neno litangulie na lipewe muda wake kamili, daftari lifuate. Mhazini alipinga kwa hoja ambayo, nikiri, ilikuwa na akili ndani yake. Alisema watu wakishamaliza kusali wataondoka, na yeye ndiye atakayeulizwa kigangoni kwa nini jumuiya yetu iko nyuma. Tulikubaliana tujaribu kwa kipindi cha Kwaresima. Waliozoea kuchelewa makusudi ili wakwepe sala na kuwahi matangazo walilalamika, lakini michango haikushuka. Mtu aliyesikilizwa asubuhi hiyo anatoa kwa moyo mwepesi kuliko mtu aliyesutwa. Kama utachukua ushauri mmoja tu katika makala hii, chukua huo. Neno kwanza.

Njia tuliyoishika ni ile ya hatua saba, iliyotengenezwa katika Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini na ambayo imeenea katika jumuiya nyingi za Afrika na kwingineko. Mmoja anamkaribisha Bwana kwa sala fupi. Mwingine anasoma Injili polepole. Kisha kila anayependa anatamka neno au kifungu kifupi kilichomgusa, bila maelezo, akikirudia mara tatu kwa utulivu, na baada ya hapo Injili inasomwa tena. Inafuata hatua ya kimya, halafu kushirikishana, halafu jumuiya inajiuliza ni kazi gani inayoitwa kuifanya wiki hiyo, na mwisho ni sala za papo kwa papo. Ukiisoma kwenye karatasi inaonekana kama utaratibu wa watoto wa Komunyo ya Kwanza. Ukiifanya na watu wazima waliozoea kuhubiriwa utaona jinsi ilivyo ngumu.

Kimya ndicho kilichotushinda kwa muda mrefu zaidi. Dakika tatu tu, lakini bodaboda zinapita, jogoo wa jirani anawika, mtu anakohoa kikohozi kisicho na ugonjwa, na mama mmoja mwenye sauti nzuri anaona aibu ya ukimya na kuanzisha wimbo. Nilimwomba kwa upole mara kadhaa, na kila mara alijibu, "Mwalimu, nilidhani mmesahau." Ilibidi tumkabidhi yeye mwenyewe jukumu la kuhesabu muda na kuanzisha wimbo unapokwisha, na tangu hapo hakuna mlinzi wa kimya aliye mkali kama yeye.

Katika kushirikishana tuna kanuni moja isiyovunjwa: sema "mimi", usiseme "ninyi". Anayesema "mimi niliposikia neno hili nilikumbuka jambo fulani" anaendelea, na anayesema "ninyi kina mama wa siku hizi" anakatishwa, hata kama ni mzee wa Kanisa. Hakuna kujibizana, hakuna kumsahihisha mwenzako mbele za watu. Kama amesema jambo lililo kinyume cha imani, mwalimu wa Neno atazungumza naye baadaye, wakiwa wawili, au atampelekea katekista swali hilo. Kanuni hii ndiyo iliyowafungua midomo watu ambao tulidhani hawana la kusema.

Nitoe mfano mmoja, kwa sababu naamini utafanya kazi kuliko maelezo yangu. Mwezi wa Septemba 2023, mwaka A wa liturujia (masomo ya Jumapili kanisani huzunguka kwa miaka mitatu, A, B na C), Injili ya Jumapili ya 25 ilikuwa Mathayo 20, aya ya 1 hadi 16: mwenye shamba la mizabibu anayetoka alfajiri kutafuta vibarua, akatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja, kisha jioni akawalipa wote dinari moja moja, akianzia na wale wa mwisho. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maelezo yangu kuhusu Wayahudi na mataifa, kuhusu walioitwa mapema na walioitwa baadaye, na niseme wazi kwamba yalikuwa maelezo mazuri. Katika mzunguko wa kushirikishana, wengi walizungumzia wivu wa wale wa alfajiri, na mmoja alisema waziwazi kwamba angekuwa yeye angelalamika pia. Ndipo akazungumza kaka mmoja ambaye huwa anakaa karibu na mlango, miguu yake ikiwa nje, kwa sababu anatoka hapo moja kwa moja kwenda kutafuta kazi ya saidia fundi.

Alisema: "Mimi ni yule wa saa kumi na moja. Mnasema hakufanya kazi, lakini kusimama pale tangu asubuhi ni kazi. Kila gari likisimama unakimbia, wanachukua vijana, wewe unarudi kivulini. Kufika saa tisa unaanza kufikiria utawaambia nini nyumbani. Yule bwana alipomlipa siku nzima, alimlipa na zile saa za kusimama."

Hakuna aliyeongeza neno. Maelezo yangu niliyarudisha kwenye daftari, na yamo humo mpaka leo. Nimesoma vitabu kadhaa juu ya mfano huo, nami sijakuta ufafanuzi ulionikaa moyoni kama ule. Katika hatua ya sita, jumuiya iliamua kwamba yeyote mwenye ukarabati mdogo nyumbani, uwe wa paa au wa choo, aanze kuuliza ndani ya jumuiya kabla ya kutafuta fundi nje. Jambo dogo, lakini lilitoka kwenye Injili na likaingia mfukoni mwa mtu.

Sasa niseme na lile ambalo bado linaniuma, kwa kuwa msomaji wangu wa Morogoro atakutana nalo tu. Jumuiya yetu ilipoanza kujaa, hata watu wa jumuiya jirani wakawa wanakuja kusikiliza, maneno yalianza. Katika kikao cha kanda, kiongozi mmoja alisimama na kusema kwamba kuna jumuiya zinazoingiza ulokole kwa mlango wa nyuma, kwamba kuna walei wanaojifanya mapadre, na kwamba Mkatoliki ana sakramenti na rozari, mambo ya kupekua Biblia tuwaachie wenye makanisa ya mabati. Hakunitaja jina, ila ukumbi mzima uligeuka kunitazama. Waliokuwa wakinipigia simu usiku kuniuliza maana ya kifungu fulani siku ile walikuwa wakichunguza viatu vyao. Uchaguzi uliofuata sikurudishwa. Wakristo wanasamehe, nami nimesamehe, lakini nisingekuwa mkweli kama ningesema nimesahau.

Jibu ambalo sikupewa nafasi ya kulitoa siku ile nalitoa hapa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, katika hati ya Dei Verbum iliyotangazwa tarehe 18 Novemba 1965, namba 25, unawahimiza waamini wote wayasome Maandiko mara kwa mara, na unarudia msemo wa Mtakatifu Yeronimo kwamba kutoyajua Maandiko ni kutomjua Kristo. Yeronimo hakuwa mlokole. Ndiye aliyelipatia Kanisa la Magharibi Biblia ya Kilatini, na tunamkumbuka kila tarehe 30 Septemba. Papa Fransisko naye, mwaka 2019, aliitenga Jumapili ya tatu ya kipindi cha kawaida cha mwaka iwe Dominika ya Neno la Mungu. Rozari yenyewe ninayoambiwa niishike badala ya Biblia imejaa Injili: kupashwa habari Maria, kuzaliwa kwa Bwana, kusali kule bustanini, kusulubiwa. Anayesali rozari bila kuijua Injili anapita mbele ya picha akiwa amefumba macho.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tuache kujificha nyuma ya uvivu na kuuita uaminifu. Tunajua ratiba ya ligi mpaka mchezo wa mwisho wa msimu, lakini hatujui kesho tutasomewa nini kanisani. Hasa sisi wanaume. Jumuiya nyingi zinabebwa na kina mama, huku baba wa nyumba yuko chumbani akisubiri sala ziishe ndipo ajitokeze kwa kujinyoosha. Neno halitakufuata chumbani. Toka, kaa kwenye mkeka, sikiliza.

Mengine nitayapitia upesi. Chai: sisi tumekubaliana nyumba inayopokea isitoe chochote zaidi ya maji, kwa sababu maandazi ya wiki hii huwa mayai wiki ijayo na supu wiki inayofuata, mpaka mwenye chumba kimoja anaanza kuruka zamu yake kwa visingizio. Simu: anayesoma Biblia kwenye simu asome, ila aizime intaneti. Wasiojua kusoma: wasipangiwe kusoma na wasipitwe. Tuna bibi mmoja ambaye hajui herufi, na kwa kuwa Injili inasomwa mara mbili polepole, yeye ndiye anayekumbuka mpangilio wa matukio kuliko sisi wenye miwani. Mhubiri: kila jumuiya ina mmoja, na dawa yake ni ileile ya "mimi" badala ya "ninyi".

Kuhusu nini cha kusoma, dada yangu aliniuliza kama waanze na Mwanzo au na Ufunuo. Kwa ushauri wangu, msianze na kimojawapo. Fuateni kalenda ya liturujia, kwa kuwa Kanisa limekwisha kuwapangia: Mathayo mwaka A, Marko mwaka B, Luka mwaka C, na Yohane hasa katika Kwaresima na Pasaka. Mkisoma Jumamosi Injili ya Jumapili, mtaingia kanisani mkiwa na maswali, na homilia, yaani mahubiri ya padre, hata ikiwa fupi itawakuta mmeamka. Jihadharini tu na kiangazi cha mwaka B, ambapo kwa Jumapili tano mfululizo, ya 17 hadi ya 21, tunaiacha Injili ya Marko na kusoma sura ya sita ya Yohane, inayohusu mkate wa uzima. Mwaka 2024 jumuiya yetu ilipofika wiki ya nne ya mkate wa uzima, mtu mmoja aliuliza kama hakuna mboga. Wiki za namna hiyo someni somo la kwanza badala ya Injili, au Barua ya Yakobo yenye sura tano tu na maneno makali ya kutosha kwa mwezi mzima.

Usisubiri semina ya jimbo, wala usisubiri kiongozi wa kanda akubali. Mwombe paroko wako baraka yake, mweleze mnachotaka kufanya kwa sentensi mbili, kisha Jumamosi hii umwombe mhazini aliache daftari lake kwenye mkoba mpaka sala ya mwisho.