Maswali na majibu: Stori nne ndani ya filamu moja, na mastaa tunawatoa wapi?

SWALI: Shikamoo kaka mhariri. Mimi niko Lindi mjini, tuna kikundi cha vijana wanne, tunashuti na simu mbili na kamera moja ya kuazima. Hivi karibuni nimepata filamu za zamani sana za wazungu, zile ambazo ndani yake kuna stori tatu au nne tofauti na kila stori ina staa wake, nyingine mastaa wanafika kumi na kitu. Nimeshangaa sijachoka mpaka mwisho, wakati hizi za siku hizi nalala. Sasa tunataka tufanye yetu ya stori nne, kila mmoja ashuti ya kwake. Naomba unieleze kitaalamu: waliwezaje kuwapata mastaa wote wale kwa mpigo, nini hasa kinamkamata mtu, na sisi tusio na staa hata mmoja tunaunganishaje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera, maana vijana wengi wakiona picha nyeusi na nyeupe wanadhani tivii imeharibika.

Nianze na hela kwa sababu hapo ndo kila mtu anakwama. Miaka ya 1930 na 1940 kule Hollywood staa alikuwa mwajiriwa kabisa, ana mkataba na kampuni, mara nyingi wa miaka saba, analipwa kwa wiki kama mtu wa ofisini. Sasa wewe kampuni una mastaa kibao wanakula mshahara, huyu kamaliza filamu Ijumaa na inayofuata inaanza mwezi ujao, si unamchukua siku chache unamshuti stori moja fupi halafu unaandika jina lake kwenye bango kwa herufi kubwa kama vile filamu nzima ni yake. Ndo Paramount walivyofanya mwaka 1932 kwenye If I Had a Million, tajiri anakaribia kufa, hataki kuwaachia ndugu zake mali, anaamua kugawa dola milioni moja moja kwa watu asiowajua anaowachagua kwenye kitabu cha majina ya watu wa mjini. Ndani yumo Gary Cooper, yumo George Raft, yumo W.C. Fields, yumo Charles Laughton, na madairekta nao walikuwa kadhaa. Baadaye ile mikataba ikafa lakini ujanja ukabaki. Uingereza miaka ya 1960 na 1970 kulikuwa na kampuni ndogo ya filamu za kutisha inaitwa Amicus, hawakuwa na hela ya kumweka staa wiki nane, wakawa wanamkodi siku chache tu na anatosha. Kwa hiyo usidhani ile ilikuwa israfu, ilikuwa ni ubahili wenye akili.

Sasa hilo la kukamata. Mtu wa kawaida atakwambia ni uzuri wa kuona sura nyingi maarufu, basi. Mi nimekaa kwenye kiti cha kuediti miaka mingi na naona ni zaidi ya hapo. Chukua kile kipande cha Laughton kwenye hiyo ya 1932, dairekta wake ni Ernst Lubitsch, ni kifupi mno, dakika chache tu. Karani kakaa kwenye meza, ukumbi mzima umejaa meza kama yake, anafungua barua anakuta cheki ya milioni. Haruki, hapigi kelele. Anasimama, anapanda ngazi, anafungua mlango, anapita, anafungua mwingine, anapita, mwingine tena, kila mlango una cheo kikubwa kuliko uliopita, mpaka anafika kwa bosi wa mabosi, anajitazama kwenye kioo, anaweka tai sawa, anabisha hodi, anaingia, anamtolea bosi ule mlio wa mdomo wa dharau, prrrr, kisha anafunga mlango. Kwisha. Hakuna anayekueleza huyu karani ana miaka mingapi ya kunyanyaswa, na wala huulizi, kwa sababu ule uso wa Laughton watu walishauona unanyanyasa na kunyanyaswa kwenye filamu nyingine, wameingia nao ukumbini kichwani. Stori ya dakika kumi na tano haina nafasi ya kumtambulisha mtu. Uso unaojulikana unakusevia hizo dakika tano za kueleza huyu nani, katoka wapi, kwa nini tumjali.

Cha pili ni kusubiri. Bango limekuahidi majina kumi, stori ya kwanza imekupa mawili, hapo kichwani una deni unalodai. Hata stori ya pili ikiwa mbovu, na kwenye hizi filamu lazima kuna moja mbovu, hutoki, unasema fulani bado hajatokea. Kuna O. Henry's Full House ya 1952, stori tano za huyo O. Henry, mwandishi wa Marekani wa hadithi fupi, huyo huyo Laughton yumo, safari hii ni mzee asiye na kwao anayetafuta kufungwa ili msimu wa baridi umkute jela. Marilyn Monroe anatokea humo kidogo sana, msichana anayejiuza barabarani, mzee anamwachia mwavuli wake na kumwita bibie kwa heshima, na yeye anabaki pale analia kwa sababu kuna mtu kamwita hivyo. Ni kipande kidogo ukipiga chafya kimepita, lakini watu wameiangalia filamu nzima wanakisubiri kile.

Na cha tatu, hiki ndo nakipenda mimi binafsi, staa hana bima. Kwenye filamu ya masaa mawili yenye steringi mmoja, akianguka bondeni dakika ya ishirini unajua atapanda tu, na kwenye mabanda yetu ya video watu wanasema kabisa "steringi hafi." Kwenye filamu ya stori nyingi steringi anakufa vizuri tu, filamu inaendelea na mwingine. Tales from the Crypt ya 1972, hao hao Amicus, Joan Collins ni staa mkubwa lakini stori ya kwanza tu ananyongwa na kichaa aliyevaa nguo za Baba Krismasi. Ukishaona vile, stori zilizobaki humwamini mtu yeyote yuko salama, mabega yanapanda juu mpaka mwisho.

Sasa mnasema hamna staa. Mnao, mnatafuta kwa macho ya Dar ndo maana hamuwaoni. Nikupe langu. Miaka kadhaa nyuma niliunganisha stori tatu za vikundi vitatu vya hapa Mtwara, tukaonyesha kwenye banda moja la video, watu wamejaa mpaka mlangoni. Stori ya kwanza ilikuwa na MC mmoja wa harusi, mjini hapa huwezi kuoa bila kumsikia. Kaingia kwenye picha na kikapu cha mabibo, hajafungua mdomo, banda zima likaangua kicheko. Hajaigiza chochote! Wamecheka harusi zote walizowahi kumwona. Nikajua leo tumepatia. Kumbe nimekosea, maana nilimweka stori ya kwanza na hakurudi tena, basi stori ya pili na ya tatu kazi ya watu ikawa kuuliza MC yuko wapi, mwisho wengine wakaondoka na stori ya tatu ndo ilikuwa nzuri kuliko zote. Kosa ni langu si la MC. Kwa hiyo nyie tafuteni nyuso nne, kila stori na wake: mtangazaji wa redio ambaye watu wanaijua sauti hawajui sura, golikipa wa zamani, mwalimu mstaafu aliyechapa nusu ya mji, mama wa ngoma anayeongoza akina mama kuimba. Usimwombe mtu wiki, mwombe siku moja, kuanzia asubuhi mpaka jua linazama, chakula juu yenu, skripti mpeni mapema. Na majina yote manne yaandikwe kwenye bango kabla hata hamjamaliza kushuti.

Tuje kwenye uzi wa kuunganisha, maana bila uzi hiyo ni flashi yenye filamu fupi nne. Sisi watu wa pwani hili hatuhitaji kufundishwa, Alfu Lela Ulela nzima ni uzi mmoja, mwanamke anasimulia ili asiuawe asubuhi, na ndani ya uzi unatundika hadithi unazotaka. Wazungu waliufanya kwa namna nyingi. Tales of Manhattan ya 1942, dairekta Julien Duvivier, uzi ni koti la sherehe, lile lenye mikia nyuma, linatoka kwa mtu linakwenda kwa mwingine. Laughton yumo (jamaa huyu 1932, 1942, 1952, kama vile alikuwa na zamu), ni mwanamuziki masikini anapata bahati ya kuongoza okestra kubwa, koti linambana, akinyanyua mikono linachanika mgongoni na ukumbi unamcheka, mpaka maestro mwenyewe, yule kiongozi mkubwa wa muziki aliyekaa kule juu, anasimama anavua koti lake, na wanaume wengine nao wanavua. Angalia koti linavyofanya kazi: linaanza jipya kwa mwigizaji maarufu wa jukwaani, linachakaa, linaishia kuvalishwa sanamu ya kutishia ndege shambani. Stori ya mwisho ya filamu hiyo inawaonyesha watu weusi kama wajinga fulani hivi wa kuangukiwa na hela toka juu, Paul Robeson aliyeigiza humo aliilalamikia hadharani na hakufanya tena filamu Hollywood, na mi nikiangalia huwa najisikia vibaya vile vile. Lakini koti lenyewe kama uzi ni darasa.

Kwa hiyo kitu chenu lazima kichakae. Gunia la korosho halifai, linatoka kwa mkulima linaingia ghalani, halijabadilika chochote. Mi ningechukua pikipiki. Malipo ya korosho yametoka, mkulima ananunua mpya, bado ina nailoni kwenye siti, anazunguka nayo kijijini. Stori ya pili pikipiki imewekwa rehani. Ya tatu ni bodaboda hapo Lindi, kioo kimoja hakipo. Ya nne iko gereji chini ya mwembe inanyofolewa vipuri, na hapo mkulima wa kwanza anapita kwa miguu. Humwandikii hata neno.

Namna nyingine ni ya Dead of Night, ya Waingereza, 1945. Msanifu majengo anafika nyumba ya shamba anawaambia waliomo kwamba ameshawaota wote, basi kila mmoja anatoa kisa chake cha kutisha, na mwisho ule uzi wenyewe unageuka na kumnyonga aliyeushika, sikwambii zaidi. Ni ngumu zaidi kuandika. Ila faida ya aina hii yote ni kwamba kipande kikizingua kinang'oka: hiyo O. Henry ilitolewa stori moja nzima baada ya kuanza kuonyeshwa, na hii ya Waingereza ilipokwenda Marekani iling'olewa mbili. Kwa hiyo shutini tano, mtoe nne, na dairekta wa iliyotolewa asinune.

Mpangilio: nzuri namba mbili iwe ya kwanza, fupi kuliko zote iwe ya pili, nzito iwe ya tatu, na bora kabisa mwisho. Ya kuchekesha usiiweke mara tu baada ya ya msiba.

Sasa mambo ya mashine, hapa ndo mnaniumizaga nyie mnaoshuti wengi wengi. Kubalianeni wote fremu 25 (yaani picha 25) kwa sekunde na shata, yaani muda kila picha inapokea mwanga, 1/50 ya sekunde, maana umeme wetu ni wa Hz 50, mizunguko 50 kwa sekunde, ukishuti kwa 30 ndani ya nyumba yenye taa za tyubu picha inachezacheza mawimbi na kuyatoa ni kazi ngumu. Simu nyingi fremu zake zinapanda na kushuka zenyewe, ndo maana dakika ya kumi mdomo unasema saa hii na sauti inakuja baadaye, kwa hiyo kila faili la simu lipitishe kwanza HandBrake, programu ya kompyuta ya kubadilisha video, ulifanye fremu zisizobadilika ndo uingize kwenye kuediti. Na sauti, jamani sauti. Ile siku ya MC stori ya kwanza ilikuwa chini, watu wakamwambia mwenye banda aongeze, akaongeza mpaka mwisho, stori ya pili ikafunguka na ngoma ya unyago, spika ikapasuka tsaa, mtoto akalia, mama yake akanitukana mimi. Maongezi ya stori zote sehemu zake za juu kabisa ziishie karibu na -12 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti kwenye programu ya kuediti), ngoma na muziki visipite -6, halafu sikiliza sekunde kumi za mwisho za kila stori na kumi za kwanza za inayofuata ukiwa umefumba macho. Rangi usihangaike sana, stori zikitofautiana rangi kidogo watu wanajua wamehama nyumba.

Mkishamaliza kushuti mi nitawaangalizia mkato wa kwanza bure. Ila usinitumie kama video ya kawaida ya WhatsApp, inabanwa inabaki uji. Weka kwenye flashi, funga na nailoni, mpe kondakta wa basi la asubuhi linalokuja Mtwara, unitumie namba ya gari, mi nitaifuata stendi.