Kikombe cha makaroni kina gramu ngapi?

SWALI: Shikamoo Bibi. Wifi yangu aliyeko Marekani kanitumia maelezo ya makaroni ya kuoka. Kaandika "vikombe 3 vya makaroni makavu", nami dukani nanunua pakiti ya gramu 500. Maelezo mengine, ya tambi za sukari, yanataka gramu 200, na mizani sina. Nipime vipi?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza tukijue kikombe chenyewe. Cha Marekani kinachukua mililita 240 hivi. Cha kwako cha chai huenda kikapungua au kikazidi. Jaza maji chupa ya nusu lita, umimine katika vikombe vyako. Kinachobeba nusu ya chupa, au pungufu kidogo, ndicho. Kifiche, wasije wakakinywea chai.

Makaroni madogo yaliyopinda, kikombe kimoja ni kama gramu 110. Vitatu ni 330, yaani theluthi mbili za pakiti yako. Lakini yale manene yenye tundu kubwa, yaliyokatwa mshazari, hayakai yakashikana. Kikombe kinajaa upepo, na mara nyingi hata gramu 100 hakifiki. Basi mtu akikutajia gramu za kikombe bila kukuuliza makaroni gani, mwache aseme.

Hata hesabu yangu usiishike sana, maana mizani unayo: ni hiyo pakiti. Ifungue, uipime yote kwa kikombe chako, kisha ugawe 500 kwa idadi ya vikombe. Vikitoka vinne na nusu, kimoja ni gramu 111. Iandike juu ya mfuniko wa kopo unalohifadhia. Ukinunua ya umbo jingine, pima upya. Wazee waliopima kwa kibaba na pishi hili halikuwa geni kwao: pishi ya mchele na pishi ya unga ni ujazo mmoja, ila ukizibeba utajua ipi nzito.

Tambi usizipime kwa kikombe kabisa. Ukizivunja vipande virefu zinasimamana, ukizifikicha zinalala, na kikombe kile kile kinameza nyingi zaidi. Zimwage kwenye sinia. Pakiti ikiwa ya gramu 500, fanya mafungu matano yanayolingana kwa jicho, uchukue mawili. Ikiwa ya 400, chukua nusu. Spageti nazo zigawe hivyo hivyo, kwa mkono. Zikizidi gramu kumi hakuna atakayejua. Kinachoharibu tambi ni maji. Zikaange mpaka zigeuke rangi, tia maji kidogo kidogo, na sukari mimi huitia zikishalainika, pamoja na iliki na zabibu. Anayezimiminia maji yote kwa mpigo atakula uji.

Na usome vizuri kama maelezo yanasema makavu au yaliyopikwa. Makaroni yakiiva hufura: kikombe kimoja kikavu hutoa viwili na ushei. Wifi yako kakuandikia makavu, Mungu ampe heri, wengi hawaandiki. Angekuwa anataka vikombe 3 vilivyopikwa, ungechemsha kimoja na robo, au kimoja na nusu ukiwa na watoto wanaodokoa sufuriani.