Nikihifadhi maneno elfu tatu nitajua Kiingereza?

Swali: Asalaam alaykum mwalimu. Mie niko Wete, mwezi ujao nna intavyuu ya mapokezi hoteli moja Nungwi. "Advice" na "advise" zinanichanganya, na "present" mara naambiwa zawadi mara kuwasilisha. Nimenunua pdf ya maneno elfu tatu na maana zake, nikiyahifadhi yote yatanitosha?

Jibu: Waalaykum salaam kijana wangu. La kwanza jepesi, "advice" ni ushauri, mwisho wake s kama ya sana, na "advise" ni kushauri, mwisho wake z kama ya zana. Na usiseme "advices", kwani sisi tunasema maushauri?

"Present" ukikaza sauti mwanzo ni zawadi (au mtu aliyepo, kama unapoitwa jina darasani), ukikaza mwisho ni kuwasilisha. Usione ajabu, hata sisi tunayo barabara ya kupita gari na barabara ya sawasawa, herufi zile zile, mkazo ndo umehama.

Sasa hiyo pdf. Kutwa naoneshwa kwenye simu orodha kama hiyo, kushoto neno la Kiingereza, kulia neno moja la Kiswahili, na mtu kashalipa pesa yake, wallahi inaniuma. Sisi neno letu linajitambulisha lenyewe, ushauri, mshauri, kushauri, ukisikia mwanzo tu ushajua ni kitu, ni mtu au ni kitendo. "Book" haina hayo, inabaki vile vile iwe kitabu iwe kuweka nafasi ya chumba, mpaka utazame imekaa wapi kwenye sentensi, "a book" ni kitabu, "to book" ni kuweka nafasi. Orodha itakwambia kitabu basi, na mgeni yuko mbele yako anataka chumba.

Nlikuwa na mwanafunzi alimwambia mgeni "I am boring", akikusudia amechoshwa na kukaa, kumbe kasema yeye ndo anawachosha watu, maana orodha yake ilimwandikia kuchosha kote kote. Na tofauti hiyo anayo mdomoni tangu utotoni! Anachosha ni "boring", amechoshwa ni "bored". "Interesting" na "interested" njia hiyo hiyo.

Wanaotangaza Kiingereza kwa siku 30 hawakwambii haya. Kamusi kubwa ya Oxford toleo la 1989, kitenzi "set" peke yake kina maana zaidi ya 400, sasa hiyo pdf imekupa ngapi? Wewe chukua maneno ishirini ya kazi ya mapokezi, kila moja litungie sentensi mbili, moja likiwa kitu na moja likiwa kitendo kama linakubali, uyaseme kwa sauti.

Na nyinyi wazee wa Chake na Mkoani, mwalimu wa tuisheni akimrudisha mtoto na maneno hamsini ya kuhifadhi bila sentensi hata moja, mfateni mumuulize sentensi ziko wapi kabla hamjamlipa mwezi mwengine.