Maswali na Majibu: Sera Imetunufaisha au Imetuumiza?

Mfanyabiashara, Arua: Julai 2018 pesa za simu hapa Uganda zilitozwa kodi ya asilimia 1. Je, hasara yangu ni zile shilingi nilizokatwa tu?

La. Shilingi ulizokatwa ziliingia hazina na huenda zilimfaa raia mwingine. Lakini zile mara ulizoacha kutuma, ukapanda basi na fedha mfukoni hadi Kampala, ni hasara isiyomnufaisha yeyote, wala haionekani katika hesabu za mapato ya kodi. Ndiyo maana wachumi, wakifuata njia ya John Hicks, huuliza ungehitaji kulipwa fidia kiasi gani ili urudi katika hali uliyokuwa nayo kabla ya kodi. Fidia hiyo huzidi makato kwa yeyote aliyelazimika kubadili mwenendo wake.

Mkulima, Masindi: Bei ya mahindi ikipanda, si sisi wakulima tunaonufaika?

Inategemea unauza au unanunua zaidi. Mwanauchumi Angus Deaton alipendekeza tutoe kile kaya inachonunua katika kile inachouza: anayeuza magunia 10 na kununua 2, gunia likipanda kwa shilingi 10,000, hupata 80,000, jirani anayeuza 1 na kununua 4 hupoteza 30,000, ingawa naye ni mkulima. Nasisitiza jambo moja ambalo dodoso nyingi hulipuuza: wengi huuza mavuno Januari kwa bei ya chini ili walipe karo, kisha hununua chakula Mei kwa bei ya juu. Anayeuliza jumla ya mwaka peke yake hataiona hasara hiyo.

Mwalimu, Mbale: Umaskini ulishuka kutoka takriban asilimia 56 mwaka 1992/93 hadi 20.3 mwaka 2019/20. Huo si ushahidi wa sera nzuri?

Ni ushahidi wa mabadiliko, si wa chanzo chake, kwa kuwa katika miaka hiyo vita vya kaskazini pia vilikwisha. Tunahitaji kuwalinganisha waliofikiwa na sera na watu wanaofanana nao ambao haikuwafikia. Mwaka 2008, kaskazini mwa Uganda, vikundi vya vijana vilivyoomba ruzuku vilikuwa vingi kuliko fedha, hivyo waliopewa walichaguliwa kwa bahati nasibu. Baada ya miaka 4, waliopewa walikuwa na kipato kilichozidi cha wenzao waliokosa kwa asilimia 38. Baada ya miaka 9, wenzao walikuwa wamewafikia kwa kipato, ingawa si kwa mali. Kwa hiyo, atakayepima mwaka wa 9 peke yake ataandika kwamba kipato hakikuongezeka, na miaka yote ambayo familia hizo ziliishi vizuri zaidi haitahesabiwa popote.