Mnataka kuchangisha hela ya kupanua maktaba? Tangazo liwe la mwisho

Tangu tumalize ile kazi ya maktaba yetu ya umma naulizwa sana ushauri, na karibu kila kamati inayonifuata inaanza na swali lile lile, tutangazeje, bango tuweke wapi, nani atatudizainia picha, tufungue grupu la WhatsApp leo au kesho. Mi huwa najibu tangazo liwe la mwisho, wanadhani natania.

Sikia. Ukitangaza siku ya kwanza mtu anaona lengo kubwa na mfuko mtupu, anajisemea ngoja kwanza nione wenzangu, sasa kila mtu akisubiri wenzake hapo ndo mradi umeshakufa kimya kimya na bango lenu bado liko getini linapauka. Kampeni kubwa za ujenzi kwa kawaida zinakusanya kwanza nusu ya lengo au zaidi bila kelele, kwa watu wachache wenye uwezo, halafu ndo zinatoka hadharani. Sisi tulifata hivyo hivyo, bango lilipopanda lilikuwa linasema tumeshavuka nusu, na watu wakachanga kwa raha maana hakuna aliyekuwa anaogopa kwamba hela yake itaishia njiani.

Ila kabla hujamfata hata huyo mtu wa kwanza lazima uwe na namba. "Maktaba imechakaa tunaomba msaada" hiyo sio namba. Tafuta mchora ramani na injinia wakae wafanye makisio ya kweli, na hapo kwenye injinia nasisitiza kwa sababu vitabu ni vizito kuliko watu wanavyofikiria. Viwango vya ujenzi vya Marekani kwa mfano vinataka sakafu ya chumba cha kusomea iweze kubeba kama kilo 290 kwa kila mita ya mraba, lakini pale penye shelfu za vitabu ni kama kilo 730, yaani zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo lile wazo ambalo kila kamati inalo, la kuongeza ghorofa na kupandisha vitabu juu, linaweza kufika kwa injinia likakataliwa, na ni heri likataliwe kabla hujamuonesha mfadhili ile michoro mizuri ya rangi. Kwetu vitabu vilibaki chini, juu zikaenda meza na viti. Afu ongeza akiba ya dharura asilimia 10 mpaka 15, maana jengo la zamani ukibandua dari unakutana na mambo, na uweke pia gharama ya kuhamisha vitabu na pa kuvitunza mafundi wakiwa kazini, hii kila mtu huisahau wakati unyevu na vumbi la saruji havimsubiri mtu.

Haya, sasa kuomba kwenyewe. Kuna mzee mmoja wa zamani sana namkubali kwenye hili, Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa taifa la Marekani. Mwaka 1731 yeye na wenzake walianzisha maktaba ya wanachama kule Philadelphia, walitafuta watu 50 wa kutoa shilingi 40 za enzi hizo za kuanzia kila mmoja na shilingi 10 kila mwaka, na akagundua watu wanasitasita wakihisi mwombaji anajitafutia jina, basi akajiweka pembeni akawa anasema hili ni wazo la marafiki kadhaa. Baadaye mchungaji mmoja alipomuomba ushauri wa kuchangisha akamwambia aanze na wale anaojua kabisa watatoa, halafu aende kwa wale asio na uhakika nao akiwa na orodha ya waliokwisha kutoa, na mwisho asiwaruke wale anaoamini hawatatoa kitu, kwa sababu kwa baadhi yao atakuwa amekosea kudhani hivyo. Karibu miaka mia tatu imepita na mi sijaona mpango bora kuliko huo.

Kwetu barua zote zilitoka kwa jina la kamati, na aliyetumwa kuomba ni yule anayefahamiana na mtu husika, hata kama cheo chake kwenye kamati ni cha chini. Mwombaji awe ameshatoa wa kwake kwanza, maana ataulizwa tu. Na aende na kiasi maalum mdomoni, akishakitaja anyamaze, hapo kwenye kunyamaza ndo wengi hushindwa, wanaanza kujipunguzia bei wenyewe kabla mtu hajajibu.

Shida kubwa kuliko zote, na hii hakuna anayekwambia mapema, ni kwamba kila mfadhili anataka kona ya watoto. Au kompyuta. Vitu vya kupigia picha. Hakuna anayetaka jina lake kwenye bomba la maji machafu, na ukweli ni kwamba ukarabati mwingi ni paa, nyaya za umeme, vyoo, msingi. Tulichofanya ni kugawanya gharama ya hivyo vitu vibaya kwenye vile vizuri, yaani chumba cha watoto bei yake tukaiweka pamoja na fungu lake la paa, fungu lake la umeme, fungu lake la choo, na kwenye karatasi tukaandika wazi kabisa kwamba bei hii inabeba na hayo. Mtu akiuliza mbona chumba kidogo hivi ghali, unamjibu kwa sababu hakitavuja. Wengi walielewa, mmoja wawili walinuna, ndo binadamu. Na ujiandae, ukiomba hela kuna watu watakuletea maboksi ya vitabu vya shule vya zamani vimeliwa na mchwa, wao wapokee kwa shukrani lakini maboksi warudi nayo.

Mambo ya akaunti nitasema kifupi, akaunti ya mradi iwe peke yake, saini zisiwe za mtu mmoja, na kila mwezi mbandike ukutani kilichoingia na kilichotoka hata kama kilichoingia kinatia aibu. Ahadi ziandikwe zikiwa na tarehe, watu wakubaliwe kulipa kidogo kidogo, lakini mkandarasi asaini kazi ya hela iliyoko benki tu. Ndo maana ni vizuri kazi ikatwe vipande, paa lina hela yake likamilike, halafu chumba kipya.

Sasa kuna hili la baada ya ujenzi, ambalo kusema kweli lilipaswa kukaa mezani siku ile ya makisio. Andrew Carnegie, yule tajiri wa chuma wa Marekani, kati ya 1883 na 1929 hela zake zilijenga maktaba zaidi ya 2,500 duniani, lakini kwa kawaida mji ulipaswa kutoa kiwanja na kuahidi kila mwaka kutenga kama asilimia 10 ya gharama ya jengo kwa ajili ya kuliendesha. Tajiri wa vile na bado alikuwa anauliza nani atamlipa mkutubi! Maktaba ya umma ina mwenyewe, ni mamlaka fulani ya serikali, na wananchi wakishachanga kuna hatari mamlaka ikaona basi hawa wamejiweza, ikapunguza bajeti yake, mkawa mmepanua kuta mkapunguza masaa ya kufungua. Kwa hiyo kaeni nao kabla msingi haujachimbwa, waandike kwamba michango inaongezea bajeti na haichukui nafasi yake, waandike wafanyakazi wangapi wataongezwa na nani atalipa umeme wa hilo jengo jipya, na kopi yenye saini na muhuri ikae kwa mweka hazina wenu sio kwenye droo ya ofisi yao.